Toba ya Mabruki Mchemsha Nta

Katika mtaa mzima wa Ng'ambo, Tabora, hakukuwa na mtu aliyeichukia pombe kama Mabruki mchemsha nta, na hakukuwa na mtu aliyeitwa mlevi kama yeye. Watu ndivyo walivyo, kinyaa kitupu. Wakikuona unayumba njiani hawakuulizi unaumwa wapi, wanakuuliza umekunywa kwa nani.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kwenda pwani mpaka mabega yakaota sugu, kisha akarudi akajenga Ng'ambo na kuzaa humo. Mjukuu hakubeba pembe. Yeye alichemsha masega ya nyuki katika ua wa Mwarabu mmoja mnunuzi wa nta, enzi hizo za Mwingereza ambapo nta ya Unyamwezi ilipakiwa kwenye treni kwenda kwa watu ambao Mabruki hakuwajua wala hakutaka kuwajua. Na tangu ndevu zilipoanza kumwota, Mabruki alikuwa na kipandauso.

Usidhani nasema kichwa kile cha kupigwa na jua, ukanywa maji, ukalala, ukaamka mzima. Kipandauso chake kilishika upande mmoja, penye panja la kulia, kikatwanga humo bila kupumzika. Mwanga wa kawaida ukawa miba machoni. Jogoo akiwika, Mabruki alitamani kumnyonga yeye na mwenye jogoo. Na harufu! Hapo ndipo penye balaa lenyewe. Kipandauso kikimjia, pua yake ilisikia kila kitu, na kila kitu kilinuka: kitunguu cha jirani, jasho la mpita njia, udi wa harusini, hata maji ya mtungini. Roho ilimchafuka akatapika, na akishatapika hakupata nafuu, akatapika tena.

Sasa mchukue mtu huyo umpe kazi ya kuchemsha nta. Masega yaliletwa kutoka msituni yakiwa meusi, yamejaa mabuu ya nyuki yaliyokwisha kuvunda ndani ya magunia. Yakitumbukizwa katika pipa la maji ya moto, mabuu yalipasuka, povu la kahawia likapanda, na mvuke wake ukaingia katika nywele, katika kope, katika nguo. Halafu yale maji yaliyooshea masega, yenye utamu wa asali iliyobaki, yakishinda katika joto la Tabora yalichacha. Yalinuka wanzuki, ile pombe ya asali ambayo nusu ya Ng'ambo waliinywa na nusu nyingine waliitukana. Basi Mabruki akitoka kazini alinuka wanzuki, hata kama siku nzima hajameza kitu ila mate yake.

Jirani yake Ng'washi, mwanamke wa Kisukuma mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, ndiye aliyepika wanzuki kali kuliko zote hapo mtaani. Kila alipomwona Mabruki akiyamwaga yale maji mtaroni alijishika kichwa.

“Baba Chausiku! Utamu wote huo unawapa sisimizi? Nipe mimi, nami sitakusahau.”

“Nikupe ukawakoroge watu akili?” alijibu Mabruki, ameziba pua kwa ncha ya kikoi. “Heri sisimizi. Wao hawaji kutapika mlangoni kwangu.”

“Na wewe je? Jana ni nani aliyetapika hapo mtaroni?”

Ni kweli jana yake Mabruki alisimama hapo mchana kweupe, ameushika ukuta kwa mikono miwili, akitoa nyongo, na wapita njia wakamcheka: “Mzee Mabruki, leo umepiga ngapi?”

Utauliza, kwa nini asiwaambie ukweli? Aliwaambia. Zamani, alipokuwa kijana, alimwambia kila aliyeuliza kwamba ni kichwa, na kila aliyeambiwa alikuja na dawa yake. Mmoja alimsokomeza ugoro puani. Mwingine alimchanja chale penye panja akamuumika kwa pembe ya mbuzi ambayo, wallahi, haikuwa imeoshwa tangu mgonjwa aliyetangulia. Bibi mmoja alimfukiza chini ya blanketi kwa majani yaliyooza, yaliyochanganywa na mavi ya kuku, akamkalia mlangoni asitoke. Mabruki alitapika mpaka akaona nyota, naye bibi akapiga makofi kwa furaha kwamba ugonjwa unatoka. Ptuu! Tangu siku hiyo Mabruki alifunga kinywa. Aliona afadhali masengenyo kuliko tiba.

Akajitengenezea namna yake ya kuishi. Alizijua dalili mapema. Kwanza miayo, miayo isiyo na usingizi. Kisha hamu ya chumvi. Halafu kwenye pembe ya jicho kinatokea kimwanga chenye meno ya msumeno, kinatetemeka, kinakua. Kimwanga kikishaonekana, alikuwa na muda wa kuondoa kuni chini ya pipa, kumwachia mwenzake ufito wa kukorogea, na kuingia katika ghala la nta. Ghala hilo lilikuwa na kuta nene za udongo, halina dirisha. Ndani zilipangwa nta zilizokwisha safishwa, mikate mikubwa ya mviringo, ya manjano, baridi. Mabruki alilala chini, akaweka shavu la kulia juu ya mkate wa nta. Nta safi ilikuwa ndiyo harufu pekee ambayo pua yake haikuikataa.

Humo hakupigana. Ujanani alipigana, akagonga kichwa ukutani, akalia, akalaani siku aliyozaliwa, na maumivu yakazidi. Siku hizi alisafiri. Babu yake alimfundisha vituo vya njia ya misafara, naye alivipita moyoni polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo: ametoka Tabora, anakwenda Kigwa, anapumzika. Rubuga, anateka maji. Tura, anapika. Kisha Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na maji, ambapo kichwa kiliuma kweli kweli na alijua kwamba ndipo mahali pake pa kuuma. Ugogo. Mpwapwa. Mara nyingi akifika Mpwapwa usingizi ulimchukua. Siku mbaya sana alifika Bagamoyo, akageuka, akaanza kurudi.

Angeishi hivyo hadi kufa kwake bila kujali watu wanamwita nini, kama si binti yake.

Chausiku alikuwa mtoto wake wa pekee, mpole, mwenye mikono hodari ya kusuka mikeka. Aliyetaka kumposa ni Baruti, fundi cherehani, kijana wa adabu ambaye alijifanya anapita kwa Mabruki kununua nta ya kulainishia uzi, akanunua nta nyingi kuliko uzi alioshona maisha yake yote. Vijana walipendana, na mama yake Chausiku alikwisha anza kuweka vyombo. Tatizo lilikuwa baba yake Baruti.

Huyo aliitwa Mzee Uledi, muadhini wa msikiti wa mtaani, mtu mfupi wa ndevu nyeupe, anayenukia udi kutoka mbali. Mzee Uledi alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, aliwatubisha walevi. Aliwafuata vilabuni, akawatoa kwa mkono, akawaogesha, akawasimamisha mbele ya watu watubu, na alipenda sana kuwataja kwa majina wakiwapo. Ya pili, aliogopa magonjwa ya kichwa. Mwanawe mkubwa alikwisha posa msichana wa Igunga, na Uledi aliposikia tu kwamba mjomba wa msichana ana kifafa, alirudisha maneno, posa ikavunjika. “Mlevi hutubu,” alisema barazani, kila mtu akasikia. “Ugonjwa wa kichwa hautubu. Unaingia katika damu, unakukalia nyumbani mpaka kwa vitukuu.”

Na kwa Uledi kifafa, wazimu, kizunguzungu na kipandauso vyote vilikuwa kitu kimoja. Hakutaka kuelezwa tofauti.

Hapo sasa ndipo Mabruki alipobanwa. Mama yake mzazi alikuwa na kipandauso. Yeye anacho. Na tangu mwaka uliopita Chausiku alianza kupiga miayo mchana, kufinya macho penye jua, kuomba chumvi. Mara ya kwanza Mabruki alipomwona mwanawe ameinamia beseni, amekamata upande mmoja wa kichwa, alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba. Alijiona yeye ndiye aliyempa binti yake sumu. Kisha aliinuka, akampeleka ghalani, akamlaza shavu juu ya nta, na akaanza kumhesabia njia: Kigwa, Rubuga, Tura. Waliozoea kuuliza waliambiwa na mama yake kwamba Chausiku yuko kwa shangazi.

Kwa hiyo Mabruki hakuweza kujitetea. Kusema “silewi, naumwa” ilikuwa ni kumtaja binti. Aliyameza maneno yake.

Baruti alimwomba baba yake apeleke posa, na Uledi alijibu kwa kuzungukazunguka. Binti hana neno naye. Ila kuhusu baba anasikia sikia mambo. Basi tungoje Ramadhani ipite, tumtazame mtu katika mwezi mtukufu, na kama ni heri ndoa itafungwa mfungo mosi.

Ramadhani ya mwaka huo, mwaka wa pili wa vita vya Wazungu, iliangukia katika joto la Oktoba, mvua bado, vumbi jekundu kila mahali. Kichwa cha Mabruki kilikuwa na adui mkubwa kuliko harufu, naye ni njaa. Mkewe alimwona anavyokauka.

“Baba Chausiku, mgonjwa ameruhusiwa,” alimwambia. “Kunywa maji, ulipe baadaye. Mungu si mkatili.”

“Mungu simwogopi kwa hilo,” alisema Mabruki. “Nawaogopa hawa wa barazani. Wakiniona na kata ya maji mchana, watasema ni wanzuki.”

Alijikaza. Alikula daku dakika ya mwisho, akaweka chumvi nyingi katika uji, akachemsha nta alfajiri kabla jua halijawa kali, na adhuhuri akajilaza ghalani hata kama kichwa hakijaanza. Siku zikapita, na vipandauso viwili alivimaliza gizani pasipo mtu kujua. Akaanza kuamini kwamba mwezi utaisha salama.

Kisha Uledi akamwalika futari. Futari ya wakwe watarajiwa, wanaume barazani, wanawake uani, na Chausiku na mama yake watangulie kusaidia kupika. Kukosa mwaliko huo ni tusi, na kila mtu alijua.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo Masolwa, mrina asali kutoka upande wa Ugalla, akaingia na magunia yake. Masolwa alikuwa mtu mwema ila mvivu wa kupindukia. Masega aliyaacha kambini mpaka yakaoza. Alipofungua gunia la kwanza, nzi walipanda kwa wingi, na mabuu yalikuwa yamekwisha kuwa uji.

“Masolwa, hii ni nta au maiti?” aliuliza Mabruki, machozi yakimtoka kwa uvundo.

“Ni nta, Mzee. Imechoka kidogo tu na safari.”

Mwarabu akasema yachemshwe leo leo, kesho hayatafaa. Mabruki alichemsha, amejifunga kitambaa puani, anatemea pembeni kila mara. Alasiri akapiga mwayo. Akapiga mwingine. Alipokuwa akikamua gunia la mwisho, kimwanga chenye meno ya msumeno kikatokea kwenye pembe ya jicho.

Ghala lilikuwa wazi. Nta baridi ilikuwa humo. Mabruki alisimama mlangoni akaitazama, kisha akageuka, akaoga, akasugua ngozi kwa sabuni mpaka ikawasha, akavaa kanzu safi. Bure. Ule uvundo mtamu uliochacha ulikuwa umekwisha kumwingia katika nywele.

Alitembea amegusa kuta. Jua la magharibi lilimpiga usoni njia nzima. Alipofika kwa Uledi wanaume walikuwa wamekwisha kaa barazani, wameweka tende mbele yao, wanangoja jua lizame, na kutoka uani ilikuja harufu ya muhogo wa nazi, na maharage, na samaki mkavu. Samaki mkavu! Mabruki alifungua kinywa kusema asalaam aleikum. Badala ya salamu akatapika pale pale, mbele ya baraza, mbele ya tende.

Mtume! Watu waliruka na kukunja kanzu zao. Mmoja akasema, “Laa ilaha! Mwezi wa Ramadhani!” Mwingine akainusa hewa hata mbwa asingeweza kushindana naye, akatangaza: “Wanzuki! Si mnaisikia? Ananuka wanzuki mtu mzima!”

Uledi akanyanyuka. Hakuonekana kukasirika sana, afadhali angekasirika. Alionekana kama mtu aliyeletewa kazi anayoipenda.

“Mabruki,” alisema, “sitaki kukuhukumu kwa maneno ya watu. Kaa. Fungua kinywa. Tunuse.”

Wakamkalisha kwenye ngazi. Nawe fikiri: mtu ambaye wakati huo hata pumzi yake mwenyewe inamchukiza, anashikwa kidevu, na wanaume waliofunga tangu alfajiri wanamsogezea nyuso zao mmoja baada ya mwingine. Uledi alitia pua karibu kuigusa midomo yake. Udi, jasho la shingo, jino bovu. Wa pili alikuwa na kikohozi. Wa tatu alinusa, akafikiri, akanusa tena kama anayechagua tikiti sokoni. Mabruki alifumba macho akajaribu kutoka Tabora kwenda Kigwa, hakufika hata nje ya mji. Alitapika mara ya pili, na safari hii makubadhi ya Uledi hayakusalimika.

“Kinywa hakina pombe,” alisema Uledi polepole, akirudi nyuma. “Nywele zinanuka, nguo zinanuka, lakini kinywa ni cha mtu aliyefunga. Na hicho alichotapika ni nyongo tupu.”

Watu walitazamana, na nusura Mabruki acheke kwa nafuu. Miaka yote hiyo, na ukweli umetokea kwa njia ya kinyaa namna hii! Lakini mzee mmoja aliyekaa pembeni, mwenye kumbukumbu ndefu na ulimi usio na kazi, akasema: “Basi ni kile kichwa. Mama yake naye alikuwa hivi. Namkumbuka, alijifungia gizani, akitapika, akisema anaona mianga.”

Uledi akageuka taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

“Mianga? Mabruki, mama yako alikuwa na nini?”

Jicho la kulia la Mabruki lilikuwa limefumba lenyewe. Kwa la kushoto aliliona pazia la mlango wa uani, na chini yake nyayo za msichana zilizosimama kimya zikisikiliza. Alizijua nyayo hizo. Mwezi mmoja nyuma zilikuwa zimelala karibu na zake ghalani, na mwenyewe akiuliza kwa sauti ndogo, “Baba, Tura bado?”

“Nakuuliza kwa wema,” alisema Uledi. “Kama ni ugonjwa wa ukoo, niambie, tuachane kwa heshima. Mwanangu ataoa kwingine.”

“Nilikunywa,” alisema Mabruki.

Uledi akasogea karibu tena.

“Nilikunywa maji ya masega yaliyochacha. Kikombe. Kisha nikasukutua, nikatafuna karafuu, ndiyo maana hamsikii. Na mama yangu hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa mlevi kama mimi.”

Lilikuwa neno chafu kuliko yote yaliyotoka kinywani mwake siku ile, na lilimchoma koo kuliko nyongo. Mama yake, ambaye hakujua hata pombe ina rangi gani!

Ungeuona uso wa Uledi ungetapika na wewe. Uling'aa. “Alhamdulillahi!” alisema. “Alhamdulillahi, amekiri mwenyewe!” Na baraza zima likashusha pumzi, wakaanza kumpapasa mabega, waliokuwa wamekunja kanzu wakazishusha. Dhambi waliijua namna ya kuishughulikia. Ugonjwa ndio uliowatisha. Uledi alikwenda kuadhini, na watu walipokwisha kusali alimsimamisha Mabruki nje ya msikiti atubu, watu wakitazama. Mabruki alitubu. Alitubu kweli, kwa machozi, ila Mungu ndiye aliyejua anatubia uongo gani. Kisha Uledi akaagiza maji ya kisimani yaletwe, akammiminia kichwani ndoo nzima ya maji baridi ili atakasike.

Katika tiba zote alizowahi kupewa na watu wa Ng'ambo, hiyo ndiyo iliyomsaidia.

Kesho yake Ng'washi alikuja na mikono kiunoni. “Kumbe! Miaka yote unaninyima maji ya masega kumbe unakunywa mwenyewe! Sisimizi, eti! Mchoyo mkubwa wewe!” Hakumsemesha tena mpaka Idd. Mkewe naye alilia kwa hasira, akasema atakwenda barazani kumsafisha mumewe na mama mkwe wake. Mabruki akamwambia, “Ukinisafisha mimi unamchafua Chausiku. Niache na uchafu wangu.” Ndoa ikafungwa mfungo mosi. Katika vyombo vya bibi arusi kulikuwa na zawadi ya baba yake, mkate mkubwa wa nta safi, watu wakacheka kwamba mlevi hajui hata zawadi ya harusi. Chausiku aliupokea kwa mikono miwili na kuukumbatia. Na Mabruki, kama alivyoagizwa na Uledi, akailipa kwa kufunga tena ile siku ambayo funga yake hakuwahi kuivunja.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa baadaye. Kila Ramadhani Uledi alimtaja. “Mtazameni Mabruki! Alianguka mbele ya baraza langu, leo ni mtu!” Akaanza kumpelekea walevi nyumbani awape nasaha, walevi wa kweli, wenye macho mekundu na pumzi ya chachu, wakamlalia begani na kumwita ndugu. Mabruki aliwasikiliza amefumba macho, ameinamisha kichwa, pua ameielekeza mlangoni. Watu walisema, tazama unyenyekevu wa toba. Haukuwa unyenyekevu. Alikuwa anahesabu vituo.

Vita vilikwisha, askari wakarudi, Wazungu wakaja Urambo wakafyeka misitu kulima karanga na baadaye tumbaku, na masega yakawa yanatoka mbali zaidi. Chausiku alizaa. Kwa mumewe alijijengea stoo ndogo isiyo na dirisha, akasema ni ya kuhifadhia mikeka, na Baruti, ambaye alikwisha kuujua zamani ugonjwa wa mkewe na hakumwambia baba yake, alimpigia lipu kwa mikono yake. Uledi alizeeka, akaacha kuadhini, akabaki na udi wake na mjukuu wake Siwema, mtoto wa Chausiku, aliyempenda kuliko macho yake.

Siku moja ya jua kali, Mabruki akiwa uani kwa Mwarabu anakamua gunia, aliona mtu mfupi anaingia mbio, fimbo ikining'inia mkononi. Alikuwa Uledi, amembeba Siwema mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kubebwa. Mtoto ameficha uso katika shingo ya babu yake, mkono umeshika upande wa kulia wa kichwa. Kanzu ya Uledi ilikuwa imelowa matapishi kutoka begani hadi kiunoni.

“Mabruki,” alisema Uledi, akihema, “mama yake amekwenda kisimani. Mtoto alikuwa anacheza, akaanza kupiga miayo. Akasema, babu naona msumeno wa moto. Kisha akaanza kutapika. Sijui… sijui nimpeleke wapi. Ana nini huyu mtoto?”

Mabruki aliacha gunia. Alifuta mikono polepole. Alimtazama Uledi juu hadi chini, ile kanzu, zile ndevu, kile kinywa kilichomtaja kila Ramadhani, na kinyaa cha miaka yote kikampanda mpaka kooni.

“Umemnusa?” aliuliza.

“Nini?”

“Kinywa. Mfungue kinywa, unuse. Labda naye amekunywa.”

Uledi alisimama. Alimtazama Mabruki, akamtazama mtoto, akalitazama lile pipa la masega na mtaro unaonuka, na Mabruki aliona kabisa jinsi jambo lilivyomwingia, kidogo kidogo, hadi mwisho. Mzee alikaa chini mavumbini na mjukuu wake.

Mabruki hakumngoja. Alimchukua Siwema kutoka mgongoni mwa babu yake, akamfunika macho kwa kiganja, akaingia naye ghalani. Alimlaza chini, akamwekea mkate wa nta chini ya shavu la kulia.

“Babu, kinauma,” alisema mtoto.

“Najua. Usipigane nacho. Sisi tunasafiri. Tumetoka Tabora, sasa tunakwenda Kigwa. Unaiona njia?”

Mlangoni kivuli kilisogea, na harufu ya udi ikaingia pamoja nacho.

“Mabruki,” ilisema sauti ya Uledi, imepasuka, “siku ile barazani… mama yako…”

“Funga mlango, Mzee Uledi,” alisema Mabruki, “na ubaki nje na udi wako. Mtoto yuko njiani.”